Usiichore Ngong: jibu kuhusu vidani vya nyuzi, mandhari na wakati

Swali: Mwalimu, hujambo. Naishi Kiserian, nashona krosheti na kudarizi, na kila asubuhi macho yangu yanaanzia milima ya Ngong. Nataka kutengeneza vidani na herini za nyuzi zinazobeba mandhari hii na jinsi inavyobadilika, maana mashamba niliyoyajua nikiwa mtoto sasa ni ploti. Nimedarizi vilima, miti na jua likitua, lakini kila kimoja kinatoka kama zawadi ya mtalii. Halafu mteja amenirudishia kidani akilalamika kuwa rangi imepauka kwa miezi michache. Nifanyeje ili mandhari na wakati viwe ndani ya kazi yenyewe, na kazi idumu?

Jibu: Sijambo, dada. Umeuliza mambo mawili, nami naona ni moja. Unatafuta namna ya kuonyesha wakati kwenye kidani, na mteja amekirudisha kwa sababu wakati umejionyesha. Kasoro ni kwamba kule kupauka hukukupanga, na mteja hakuambiwa. Kwa hiyo, kabla hujatunga uzi sindanoni, amua ni sehemu ipi ya kidani itakayozeeka na ni ipi haina ruhusa. Uzi unaobeba uzito usizeeke. Uzi unaosimulia, uache uzeeke ukitaka, mradi wewe ndiye uliyeupa ruhusa.

Tuanze na vile vilima ulivyodarizi. Kidani kinaning'inia. Mstari wowote wa mlalo utakaouweka juu yake utalegea katikati, na ule mgongo wa mlima uliotaka upande unageuka kuwa bonde. Aliyekivaa hakioni mpaka ainamishe shingo, na hata hapo anakiona juu chini. Anayemtazama yuko hatua moja au mbili mbele na haioni miti yako midogo. Lakini hayo yote yangeweza kurekebishwa na fundi hodari. Tatizo kubwa ni kwamba jua likitua ni jambo la dakika chache, nawe umeniambia unataka mashamba yanayogeuka ploti. Picha ya dakika chache haiwezi kubeba miaka ishirini, hata ukiidarizi kwa hariri.

Unachohitaji ni saa. Si saa ya mkononi. Namaanisha kipimo cha wakati utakachofuata katika kazi moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mahali unapoishi pana saa tatu tofauti zinazoenda kwa mwendo tofauti. Ukizichanganya kwenye kidani kimoja utapata vurugu.

Saa ya kwanza ni ya ardhi yenyewe. Panda gari la Magadi siku moja. Ukishapita Corner Baridi barabara inaanza kuteremka Bonde la Ufa. Kilele cha Ngong kiko karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi. Katikati ya mteremko huo, kama kilomita 70 kutoka Nairobi, shuka Olorgesailie. Watu wengi huenda pale kuona yale mashoka ya mawe ambayo Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940. Wewe nenda ukatazame kuta za makorongo. Utaona tabaka jeupe la diatomaiti, ambalo ni mabaki ya mimea midogo mno ya ziwa lililokuwa pale, kisha tabaka la kijivu la majivu ya volkano, kisha udongo wa kahawia, kisha nyeupe tena. Ziwa lilijaa, likakauka, likarudi. Mashapo hayo yalijilimbikiza tangu takriban miaka milioni 1.2 iliyopita hadi kama miaka 490,000 iliyopita.

Sasa fikiria fundi wa kiondo. Huanzia kitakoni, nyuzi mbili za mshindio, yaani zinazopita kwa mlalo, zikipishana na kusokotana kuzunguka mtande, yaani nyuzi zilizosimama, na kila mzunguko unakaa juu ya ule uliotangulia. Mzunguko mkongwe uko chini, wa leo uko juu, na huwezi kuufikia wa chini bila kufumua wa juu. Makorongo ya Olorgesailie yamejengwa kwa utaratibu huohuo. Ndiyo maana nakushauri uache kudarizi kwa kazi hii, ufume kwa mtindo wa kiondo, kwa uzi mwembamba wa makonge au wa pamba, utengeneze kidude cha kuning'iniza chenye urefu wa sentimita saba hivi. Mabadiliko ya rangi yafuate tabaka ulizoziona na kuzipiga picha, si tabaka za kubuni. Nimechagua sentimita saba kwa sababu: miaka laki saba na ushei ikigawanywa kwa milimita 70, kila milimita inakuwa kama miaka 10,000. Najua mashapo hayakujilimbikiza kwa mwendo sawa, lakini kwa kidani hesabu hiyo inatosha. Kwa kipimo hicho, muda wote tangu reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 hadi leo haufikii hata unene wa unywele. Mteja akikuuliza Nairobi iko wapi, mwambie hivyo. Nimeona maelezo mafupi ya namna hiyo yakiuza kazi kuliko kadi iliyojaa maneno kuhusu mama asilia.

Saa ya pili ni ya mwaka. Hii ndiyo ningeianza leo kama ningekuwa na mlango unaotazama Ngong. Chagua rangi saba tu: kijani kibichi cha baada ya mvua ndefu, kijivu cha ukungu wa Julai, manjano kavu ya Februari, na kadhalika. Kila siku angalia mlima kwa saa ileile, chagua rangi inayoukaribia, fuma mstari mmoja kwenye fremu ndogo. Siku ambayo hukuangalia, usidanganye. Acha nyuzi za mtande wazi pale, nafasi ya mstari mmoja. Mwisho wa mwaka una utepe mwembamba ambao unakaa vizuri kama kidani kirefu cha kuzungushwa shingoni mara mbili. Mashimo yake yatakuwa na maana kuliko mistari, maana yanaonyesha siku ulizougua, ulizosafiri, ulizochoka. Wengine hufanya hivi kwa kufuata vipimo vya joto. Mimi sipendi, kwa sababu kipimajoto hakijui ukungu, na Julai ya Kiserian bila ukungu si Julai.

Saa ya tatu ni ile iliyokuuma mpaka ukaniandikia: mashamba kuwa ploti. Hapa karibu kila mtu anayejaribu huongeza vitu. Anashona vinyumba, vibati, ukuta wa mawe. Lakini umiliki wa ardhi unapokatwakatwa, jicho linapoteza kitu: ule mtazamo mmoja mrefu usiokatika. Kwa hiyo ondoa. Chukua kitambaa cha kitani au pamba nzito, kifumwe wazi kiasi cha kuweza kuona kila uzi, kisha vuta nyuzi na kuzitoa moja moja kwa sindano, kwanza za upande mmoja, baadaye za upande wa pili, mpaka kitambaa kibaki vijisanduku vilivyoshikwa na nyuzi chache. Kaza kingo kwa mshono wa kuzungusha ili visifumuke zaidi ya ulivyotaka. Ukitengeneza vitatu, cha kwanza kizima, cha pili kimeanza, cha tatu kimebaki wavu, una seti ya vidani vinavyoelezana. Na zile nyuzi ulizozitoa usizitupe. Zisokote kuwa kamba ya kuvalia.

Kwenye kamba hiyo ndipo swali la kudumu linapoingia. Katika pango la Enkapune ya Muto, upande wa Naivasha, wataalamu wa mambo ya kale walipata shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa takriban miaka 40,000. Zilichongwa duara, zikatobolewa, zikasuguliwa. Tundu maana yake zilitungwa. Shanga zipo, uzi haupo. Katika historia nzima ya mapambo, uzi ndio unaokwenda kwanza, na kwenye kidani unakwenda mahali pamoja: nyuma ya shingo, ambapo jasho, mafuta, manukato na kola ya shati vinakutana na kusuguana kutwa.

Kwa hiyo usiupe uzi wako wa hadithi kazi ya kubeba. Ndani ya ile kamba ya nyuzi za kitani, pitisha moyo wa poliesta iliyopakwa nta, ule uzi ambao mafundi wa viatu wa soko la Kariokor, Nairobi, wanashonea makubadhi. Poliesta huvumilia jua kuliko nailoni. Na sehemu ya nyuma ya shingo, kama sentimita kumi na mbili, ifanye kipande cha pekee chenye vitanzi pande zote mbili, kiweze kutolewa na kubadilishwa. Mteja akirudi baada ya miaka miwili hakuletei malalamiko, anakuletea kazi ya dakika kumi. Uzuri wa mapambo ya nyuzi ni wepesi wake. Unaweza kutengeneza kidani kikubwa kama sahani na kisimchoshe mtu. Lakini wepesi huo huwafanya watu wasahau kukivua wanapooga au wanapolala, na hapo ndipo vingi hufia.

Nije kwenye rangi. Hukuniambia ulitumia nini, lakini ukisema miezi michache nashuku manjano ya jikoni. Inashika vizuri, inang'aa siku ya kwanza, na jua la Nairobi linaila. Tupo karibu na ikweta na juu ya mita 1,700. Jua letu halina mzaha. Kabla ya kuuza chochote, chukua kipande cha kila uzi uliotia rangi, kifunike nusu kwa kadibodi, kibandike dirishani kwa mwezi mmoja, kisha funua. Mstari kati ya nusu mbili ndio utakaokuambia ukweli. Weka vipande hivyo kwenye daftari na tarehe. Baada ya muda utakuwa na hazina ambayo hakuna kitabu kitakachokupa, kwa sababu ni ya maji yako na jua lako.

Halafu hakikisha unajua unatia rangi uzi gani. Ule tunaouita uzi wa sweta, madukani mwingi ni akriliki, uzi wa plastiki, na akriliki haishiki rangi za mimea. Choma ncha kidogo: akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu, sufu hunuka nywele zilizoungua na huvunjika kuwa majivu. Kwa sufu, chemsha kwanza na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, gramu 10 hadi 12 kwa kila gramu 100 za sufu kavu. Pamba ni mkaidi zaidi, inataka kwanza ilowekwe kwenye maji makali ya chai au ya maganda ya komamanga ndipo ipokee shabu. Tumia sufuria ambayo haitarudi jikoni.

Ukitaka rangi za njia ya Magadi, nyingi unazo karibu. Majani ya mkaratusi yakichemshwa kwa saa kadhaa huipa sufu rangi ya machungwa hadi kutu, tena bila shabu. Maganda ya vitunguu hutoa dhahabu. Kokwa na maganda ya avokado hutoa waridi hafifu kwenye pamba, na ukitia magadi kidogo kwenye maji yake waridi inakolea. Nakupendekezea hilo hasa kwa sababu magadi hiyo tunayotia kwenye maharagwe ni chumvi ya ziwa lenyewe, ambalo limechimbwa kibiashara kwa zaidi ya karne, na maji yake huonekana ya waridi kwa ajili ya viumbe vidogo vinavyopenda chumvi kali. Yaani rangi ya ziwa unaipata kwa kitu kilichotoka ziwani. Ila magadi isikaribie sufu wala hariri, inazila.

Udongo mwekundu ni habari nyingine. Rangi yake inatokana na chuma kilichomo, jua haliiwezi, lakini haiingii ndani ya uzi. Inakaa juu na kuhamia kwenye kola ya mtu. Uchekeche kwa leso kuukuu, uukoroge na maziwa ya soya yasiyo na sukari, paka, acha ukauke, rudia, kisha uache kitambaa kitulie wiki kadhaa kabla ya kukiosha. Protini ya soya hushikilia chembe. Hata hivyo usiutumie mahali panapogusa shingo. Uweke kwenye pini ya kifuani au sehemu ya mbele inayokaa juu ya nguo nyeusi.

Kutu ndiyo inayopendwa na vijana sasa, na naelewa kwa nini: unafunga misumari ya zamani ndani ya kitambaa chenye siki, na baada ya siku mbili umepata ramani ambayo hukuichora. Ukikiloweka kwanza kwenye chai, panakuwa na kijivu na weusi kama wa udongo wa mfinyanzi. Nchini Mali wamefanya jambo la jamaa hiyo kwa vizazi, kitambaa kikilowekwa kwenye maji ya majani yenye tanini, ule ukali ulio pia kwenye chai, kisha kikapakwa tope lenye chuma, ndiyo bogolanfini. Lakini chuma huendelea kuila pamba polepole hata baada ya wewe kumaliza. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua siki, suuza tena kwa maji matupu, na usikitumie kamwe kama kamba. Huu ni mfano halisi wa sehemu yenye ruhusa ya kuzeeka: iwe usoni, iwe imeshonewa juu ya kitambaa imara, na mnunuzi ajue kwamba siku moja patatoboka.

Jambo moja silipendi, na nalisema waziwazi. Kuna mtindo wa kuloweka kitambaa kipya kwenye chai na kukikwangua kwa sandpepa ili kionekane cha miaka mingi. Kama hadithi yako ni ya wakati, huo ni uongo katikati ya hadithi. Afadhali utafute kitu kilichozeeka chenyewe. Leso ambayo nyanya yako aliifunga shambani ina mistari ya kupauka pale ilipokunjwa, na rangi ya awali imebaki ndani ya pindo. Ikate vipande vya upana wa kidole, fungua lile pindo, uviviringishe au uvishone krosheti ukiacha rangi ya ndani ijitokeze kando ya rangi ya nje. Kwenye soko la mitumba la Gikomba pia utapata vitambaa vya namna hiyo kwa bei ndogo, ingawa hutajua vimepita wapi.

Kutoka hapo kuna hila ninayowafundisha wanafunzi wangu. Kunja kitambaa mikunjo mitano au sita, kila mkunjo uushike kwa mshono mmoja tu wa uzi wa rangi tofauti. Mteja akivaa, sehemu ya nje inapauka. Kila mwaka anakata mshono mmoja, mkunjo unafunguka, na rangi ambayo haikuona jua inatokea kando ya ile iliyoona. Kidani kinakuwa kirefu kidogo kila mwaka. Kwa kazi hii hata manjano ya jikoni inafaa, kwa sababu kupauka kwake ndiko unakokuuza.

Ukitaka kugusa madini, waya wa shaba nao ni uzi. Kule Marekani, sonara Arline Fisch, aliyefundisha chuo kikuu San Diego tangu 1961, alifuma na kushona krosheti kwa waya wa fedha na shaba mpaka madini yakalegea kama kitambaa. Kwa mafundi wa vyuma wa Kamukunji, Nairobi, utapata waya uliotolewa kwenye mota za zamani. Jihadhari: waya huo una varnishi, na hautabadilika rangi mpaka uisugue kwa msasa. Usiichome, moshi wake ni sumu. Varnishi ikishatoka, shaba itapita kutoka waridi hadi kahawia yenyewe, na kwenye ngozi ya baadhi ya watu itaacha kijani. Kijani hicho kinaoshwa, lakini mwambie mteja kabla hajajiona kwenye kioo.

Kuhusu yule aliyerudisha kidani, sikushauri umrudishie pesa wala ubishane naye. Mpe uchaguzi: umtilie rangi upya kwa rangi iliyofaulu mtihani wa dirisha, au umgeuzie kidani kiwe cha mikunjo. Na kuanzia sasa kila kidani kiondoke na kadi yenye mambo matatu: kimetiwa rangi kwa kitu gani, sehemu ipi itabadilika na kwa namna gani, na kwamba kubadilisha kipande cha shingoni mara ya kwanza ni bure.

Bei, kwa kuwa najua swali hilo linakuja. Andika saa ulizofanya kazi, kila siku, hata zile za kuangalia mlima. Kwenye soko la Maasai watu wanalinganisha kwa macho, na kidani cha nyuzi kikikaa kando ya shanga za mia mbili kitaonekana ghali hata kiwe na mwaka mzima ndani yake. Pale peleka herini ndogo za rangi ya avokado, zinazokuchukua jioni moja. Utepe wa mwaka na seti ya ploti tatu zitafutie ukuta wa maonyesho, uzitundike na lile daftari la vipande vya dirishani likiwa wazi mezani, watu walipekue.